London na watoto, babu na bibi: panda basi, achana na ngazi

Ramani ya treni za chini ya ardhi za London inapendeza: mistari ya rangi, vituo vimepangika kama shanga. Kijana mwenye begi moja mgongoni hahitaji kingine. Lakini ukiwa na mama mwenye goti bovu, baba anayetembea taratibu na hataki kuambiwa hivyo, mtoto wa miaka 8 na mwingine wa miaka 3 kwenye kigari, ramani hiyo itakuponza. Macho hukimbilia rangi, hayasomi zile alama ndogo za kiti cha magurudumu zinazoonesha kituo kipi kina lifti. Reli hiyo ilianza mwaka 1863. Kati ya vituo 272, ni kama theluthi moja tu ambavyo mtu anaweza kutoka barabarani hadi jukwaa la treni bila kukanyaga ngazi.

Siku yetu ya pili mama alisimama katikati ya ngazi za kituo kimojawapo, akashika ukuta, akaniuliza, "Mwanangu, hizi ngazi zina mwisho?" Sikuwa na jibu. Kesho yake tulihamia kwenye basi, na ratiba nzima ikabidi ipangwe upya kuanzia hapo. Haya yafuatayo ndiyo ningependa niwe nimeyajua kabla.

Hatua ya 1: Chagua mwezi kwa kuangalia mwanga

Watu huuliza kwanza habari za mvua. Mvua ya London mara nyingi ni ya manyunyu, koti jepesi linatosha. Kinachobadilisha safari ni mwanga. Desemba jua huzama kabla ya saa kumi jioni. Wazee wakiamka polepole na mtoto akilala mchana, siku imekwisha. Juni jua huzama baada ya saa tatu usiku, mkaweza kupumzika chumbani mchana mzima na bado mkapata jioni ya kutembea.

Nyakati ninazozipenda ni Juni, kabla shule za huko hazijafungwa mwishoni mwa Julai, na Septemba zinapokuwa zimefunguliwa. Wiki ya mwisho ya Mei ikwepeni, maana shule zina mapumziko na makumbusho ya watoto hufurika. Tengeni siku saba au zaidi, mkijua kwamba ya kwanza na ya mwisho hazihesabiki.

Hatua ya 2: Karatasi, bima na kiti cha uwanja wa ndege

Kila msafiri, hata mchanga wa miezi mitatu, anahitaji pasi yake na kibali chake cha kuingia Uingereza: viza, au kibali cha kielektroniki, kulingana na uraia. Mtoto akisafiri na babu na bibi bila wazazi, wabebe barua ya ridhaa ya wazazi pamoja na nakala ya cheti cha kuzaliwa.

Bima msiifanyie mzaha. Matibabu ya kitengo cha dharura ni bure hata kwa mgeni, lakini mkilazwa wodini mambo hubadilika, na mgeni asiye na msamaha anaweza kudaiwa asilimia 150 ya gharama. Unapokata bima ya mzee, taja presha, taja kisukari, taja ule upasuaji wa zamani. Ugonjwa uliofichwa ndio bima hukataa kuulipia. Dawa ziende kwenye begi la mkononi zikiwa kwenye vifungashio vyake, na cheti cha daktari kando. Namba za huko ni 999 kwa dharura na 111 kwa ushauri wa afya usio wa dharura.

Jambo moja linasahaulika: ombeni kiti cha magurudumu cha uwanja wa ndege saa 48 au zaidi kabla ya safari, kupitia shirika la ndege. Heathrow ni kubwa, na kutoka mlango wa ndege hadi kwenye foleni ya uhamiaji ni mwendo. Baba yangu alikataa katakata. "Mimi si mgonjwa." Nikamwambia, baba, wanaosukumwa mara nyingi hupitishwa njia yao, hawapangi foleni na sisi. Akakaa.

Hatua ya 3: Mahali pa kulala

Hapa tumieni muda, maana kosa la hapa mtalilipa kila asubuhi na kila jioni.

Hoteli nyingi za bei ya kati London ni nyumba za zamani zilizounganishwa kwa safu. Kwa nje zinavutia, nguzo nyeupe na maua dirishani, lakini ndani ngazi ni nyembamba na zina kona. Tangazo likisema kuna lifti, bado uliza maswali matatu kwa maandishi: lifti inaanzia usawa wa barabara, au kuna ngazi mlangoni kwanza? Inafika ghorofa ya chumba chetu? Kigari cha mtoto kinaingia bila kukunjwa? Na ukumbuke kwamba wanaposema ghorofa ya kwanza hawamaanishi chini, wanamaanisha ile ya juu yake.

Msijibane watu sita kwenye vyumba viwili vya kawaida. Fleti yenye jiko na sebule ni bora: mzee anaamka saa kumi na moja alfajiri kwa mazoea yake, anapasha maji, anakaa zake dirishani bila kumwamsha mtu. Fleti ikishindikana, ombeni vyumba vyenye mlango wa ndani unaoviunganisha, na mpate uthibitisho wa maandishi. Ahadi ya "tutajitahidi" si chumba.

Kwa mtaa, mimi nashauri Bloomsbury. Ni tambarare, Jumba la Makumbusho la British Museum liko hapohapo, na kituo cha Tottenham Court Road kina lifti hadi kwenye treni ya Elizabeth. Pia kuna uwanja wa michezo uitwao Coram's Fields wenye sheria niipendayo kuliko zote jijini: mtu mzima haruhusiwi kuingia bila kuongozana na mtoto. Mjukuu ndiye anayemwingiza babu. Watoto wetu walilitangaza jambo hilo kwa sauti kila tulipofika mlangoni.

Hatua ya 4: Siku ya kufika

Kutoka Heathrow chukueni laini ya Elizabeth. Ilifunguliwa Mei 2022 na vituo vyake vyote 41 vina njia isiyo na ngazi. Ni zaidi kidogo ya nusu saa hadi Tottenham Court Road, bila kubadilisha treni. Laini ya Piccadilly ni nafuu zaidi, lakini inakwenda polepole, na vituo vyake vingi vya katikati ya mji ndivyo vile vya ngazi. Mkiwa na mabegi manne, nafuu hiyo mtaijutia.

Teksi nyeusi za London zote zina njia ya kuingizia kiti cha magurudumu, na kwa kawaida hubeba abiria watano. Mzee akishuka kwenye ndege amevimba miguu, mpelekeni kwa teksi na mtu mzima mmoja, wengine wafuate kwa treni.

Siku hiyo msipange kitu kingine. Kuoga, kula, kuzunguka mtaa, kulala.

Hatua ya 5: Nauli, kabla hamjasimama mlangoni mwa basi

Mabasi ya London hayapokei pesa taslimu tangu 2014. Mnagusa kadi ya benki, simu, au Oyster, kadi ya nauli ya London. Sheria zenyewe si ngumu, ila zina mitego:

Kila anayelipa awe na kadi yake mwenyewe. Ukigusa kadi moja mara mbili kwa ajili yako na mama, mfumo haukuelewi.

Kadi ya plastiki na simu iliyobeba kadi hiyohiyo huhesabiwa kuwa vitu viwili tofauti. Ukiingia kituoni kwa simu na kutoka kwa kadi, utatozwa kama aliyeanza safari mbili asizozimaliza. Babu achague kimoja, abaki nacho.

Kwenye basi unagusa unapopanda tu. Kwenye treni unagusa unapoingia na unapotoka.

Watoto chini ya miaka 11 hawalipi kwenye basi. Kwenye treni za chini ya ardhi, walio chini ya miaka 5 ni bure, na wa 5 hadi 10 ni bure wakiwa na mtu mzima anayelipa. Wa miaka 11 hadi 15 wanunulieni Oyster, kisha mwombeni mfanyakazi wa kituo awawekee punguzo la mgeni mdogo. Inakuwa nusu nauli kwa hadi siku 14. Lisipoombwa halijiweki.

Nauli moja ya basi hukuruhusu kupanda mabasi mengine bila kulipa tena ndani ya saa moja tangu mguso wa kwanza. Kwa familia yenye mtoto wa "naomba choo", hiyo ni neema: mnashuka, mnatafuta choo, mnapanda linalofuata.

Hatua ya 6: Jinsi ya kuishi kwenye basi

Basi la London ni la polepole, na kwa wazee uzuri wake uko hapohapo. Mtu mwenye goti bovu akiketi dirishani akautazama mji ukipita, huko ndiko kutalii kwenyewe. Si usafiri wa kumpeleka kwenye kutalii.

Mabasi yote ya kawaida yana sakafu ya chini na njia ya kushusha kwa ajili ya kiti cha magurudumu. Katikati kuna nafasi pana ambapo kigari cha mtoto kinaweza kusimama, lakini akipanda mwenye kiti cha magurudumu, nafasi ni yake kwa kanuni. Kunja kigari bila kusubiri kuambiwa. Kwa hiyo bebeni kigari chepesi kinachokunjwa kwa mkono mmoja, si lile gari la magurudumu makubwa.

Wazee wakae chini. Ngazi za kwenda juu ni za kujipinda, na dereva hangoji. Mtu mzima mmoja apande na watoto hadi viti vya mbele kabisa ghorofani, vyenye kioo kikubwa. Kituo cha kushukia kikubalianwe kabla ya kuachana, kwa jina. Basi hutangaza kila kituo kwa sauti na kwa maandishi. Walio juu waanze kushuka kituo kimoja kabla. Msipande kati ya saa moja na nusu na saa tatu na nusu asubuhi, watu wanapokwenda kazini. Wazee watakosa viti, na kigari kitakosa pa kusimama.

Laini tatu zilitutosha. Namba 24 hupita upande wa Tottenham Court Road, inashuka Trafalgar Square, inapita Whitehall hadi kwenye Bunge. Namba 15 hutoka Trafalgar Square kwenda mashariki kupitia Strand, Fleet Street na kanisa kuu la St Paul's hadi Tower of London. Kwa macho yangu hakuna basi la watalii linaloishinda. Namba 14 hutoka mtaa wa Piccadilly kwenda South Kensington, kwenye makumbusho. Njia hubadilishwa mara kwa mara, kwa hiyo zikagueni kwenye programu ya simu wiki ya safari.

Hatua ya 7: Jambo moja kubwa kwa siku

Kanuni yetu ilikuwa moja kubwa kabla ya chakula cha mchana, na jioni kitu chepesi au hapana. Siku nne zilizofaulu ni hizi.

Siku ya nyangumi. Makumbusho ya taifa ya Uingereza hayana kiingilio kwa maonyesho yake ya kudumu tangu Desemba 2001, na hilo lina faida kwenu zaidi ya pesa: mtoto akilia, mnatoka bila uchungu wa tiketi. Natural History Museum ina mifupa ya nyangumi wa buluu yenye urefu wa mita 25.2, imening'inizwa kwenye ukumbi mkuu kana kwamba inapiga mbizi. Fikeni saa nne asubuhi wanapofungua, au baada ya saa tisa alasiri. Ingieni kwa mlango wa Exhibition Road usio na ngazi. Makumbusho makubwa huazimisha viti vya magurudumu bure; waandikieni mapema. Dinosaria ni za watoto, lakini msilazimishe kila mtu apite kila chumba. Wazee wetu walikaa chini ya nyangumi dakika 50 na hawakudai chochote.

Siku ya walinzi. Kubadilishana walinzi pale kasri la Buckingham hufanyika saa tano asubuhi katika siku maalumu. Ni kusimama kwa muda mrefu nyuma ya migongo ya watu. Mtoto haoni, mzee hana pa kukaa. Fanyeni hivi badala yake: nendeni bustani ya St James's mchana. Kwenye ziwa lake kuna ndege aina ya mwari, desturi iliyoanza na zawadi ya balozi wa Urusi kwa mfalme Charles II mwaka 1664, na hulishwa samaki kati ya saa nane na nusu na saa tisa. Viti vipo. Kisha vukeni polepole hadi Horse Guards, kituo cha walinzi wa farasi, upande wa mtaa wa Whitehall. Saa kumi jioni kuna ukaguzi wa askari. Inasimuliwa kwamba mwaka 1894 malkia Victoria alipita saa hiyo akawakuta walinzi wanakunywa na kucheza kamari, akaamuru wakaguliwe kila siku saa kumi kwa miaka 100. Adhabu imekwisha muda wake, ukaguzi unaendelea. Watoto waliipenda hadithi hiyo kuliko farasi. Namba 24 iko hapohapo kwa kurudi.

Siku ya ngome. Tower of London si rahisi kwa miguu. Chini ni mawe ya kukanyagwa tangu karne nyingi, na ngazi za minara ni za mzunguko. Jumba la vito vya kifalme, hata hivyo, linaingilika, na mbele ya mataji kuna sakafu inayojisogeza yenyewe. Anzeni hapo mlango ukifunguliwa, kabla ya foleni. Halafu wazee watafutiwe benchi karibu na kunguru wakubwa wanaofugwa ngomeni, watoto wapande minara na mzazi. Mkitoka, angalieni ratiba ya daraja la Tower Bridge mtandaoni. Huinuliwa kupisha meli takriban mara 800 kwa mwaka, saa hutangazwa mapema, na kulitazama ni bure. Barabara nzima inasimama wima mbele yenu.

Siku ya mto. Chukueni boti ya abiria hadi Greenwich. Kuna tahadhari moja: Thames hupanda na kushuka kwa maji hadi kama mita 7 katikati ya mji, na maji yakikupwa, daraja la kuingilia botini huwa mteremko mkali. Mwenye mkongojo ashikwe mkono. Greenwich mnakutana na merikebu ya Cutty Sark ya mwaka 1869. Mstari wa longitudo sifuri uko juu ya kilima, na kilima hicho hakina huruma. Wapande watoto na wazazi. Babu na bibi wabaki chini kwenye National Maritime Museum, isiyo na kiingilio. Kurudi, pandeni treni nyepesi iitwayo DLR. Vituo vyake vyote vina njia isiyo na ngazi, na kwa kuwa haina chumba cha dereva, mtoto anaweza kuketi mbele kabisa akajifanya anaiendesha. Shukeni Canary Wharf, tembeeni dakika chache, mchukue Elizabeth hadi nyumbani.

Hatua ya 8: Kugawana, kupotezana, vyoo

Kugawana kundi si kuharibu safari ya familia. Siku moja katikati, wazee walale hadi watakapo. Siku nyingine wabaki na wajukuu Coram's Fields, wazazi wapate saa tatu zao.

Namba ya simu ya mzazi iandikwe mkononi mwa mtoto kwa kalamu isiyofutika haraka, na kadi ya jina la hoteli iwekwe mfukoni mwa kila mzee. Mtu akiachwa na basi au treni, kanuni ni moja: aliyeondoka ashuke kituo kinachofuata na kusubiri; aliyebaki apande inayofuata. Ifanyieni mazoezi kwa mdomo na wote, babu akiwemo. Yeye ndiye aliyeachwa, na hakuwa amesikiliza.

Vyoo: vya barabarani ni vichache. Tumieni vya makumbusho, maduka makubwa ya ghorofa, na vituo vikuu vya reli kama Waterloo na Paddington, ambavyo havitozi tangu 2019. Kila mnapotoka mahali penye choo, wote waende, hata wasiotaka.

Hatua ya 9: Siku ya mwisho

Achieni mabegi hotelini, chagueni kitu kisichozidi saa mbili, na kiti cha uwanja wa ndege kithibitishwe kwa simu asubuhi. Sisi tuliwauliza wanataka nini. Watoto walitaka kumuaga nyangumi. Mama alitaka namba 15, dirishani, kwenda na kurudi, bila kushuka popote. Tuligawana.